Flashi ya Saa Mbili

Mimi nauza githeri ya mahindi na maharagwe Makongeni, na yeyote wa Makongeni atakwambia nina mdomo. Ni kweli, ninao. Kuna mwaka askari wa kanjo, wale wa kaunti, alikuja kubeba sufuria zangu, nikamwambia maneno mpaka akarudi kwa gari yao bila sufuria na bila kofia. Kwa hivyo nikiwaambia hasira niliyo nayo tangu Julai si ile ya kila siku, mniamini.

Jina langu ni Wavinya. Wengi huniita Mama Muli. Nina virusi vya Ukimwi mwaka wa kumi na nne sasa na sijamficha mtu. Ndugu yangu mdogo, Mutisya, alikuwa navyo miaka sita, na yeye alificha. Alikuwa anakata mawe kule Ndarugo, mwanaume wa kuinua jiwe peke yake na kuliweka kwa lori huku anapiga mluzi. Siku alipopimwa ni mimi nilimshika mkono. Alilia mpaka Jackie, nesi wetu wa kliniki, akatoka nje akatuachia chumba.

Tukapanga mambo yetu siku hiyo hiyo. Saa mbili asubuhi, kila siku ya Mungu, kila mtu anameza kidonge chake, mimi Makongeni na yeye huko kwake Juja, halafu ananipigia flashi. Simu inalia mara moja, anakata. Maana yake nimemeza. Mimi namrudishia yangu: na mimi nimemeza. Hatukuwa tunatumia hata shilingi. Siku tulipomzika mama, Mutisya alisimama ng'ambo ya kaburi na mchungaji akiomba, mkono ndani ya mfuko wa koti, na simu yangu ikatetemeka kwa mkoba. Nilimwangalia nikataka kucheka na kulia.

Na dawa zake nilikuwa nachukua mimi. Kliniki yetu inawakubali watu walio imara wajiunge kikundi, mnakuwa wanane, na kila miezi mitatu mmoja anaenda kuwachukulia wote, ili wengine wasipoteze siku nzima kwa foleni. Ni kwa zamu. Lakini Mutisya hakutaka mtu wa mawe amwone ameketi kwenye lile benchi, kwa hivyo zamu yake nilifanya mimi, na wengine walipoona nimezoea wakaniachia na zao. Jackie akiniuliza, "Na Mutisya anaendelea aje?" nilimjibu, "Yuko sawa kabisa, leo tu amenipigia flashi." Nilisema hivyo mara tatu mfululizo. Kwa mdomo huu huu.

Julai nilienda kwake kuchukua sufuria yangu. Alikuwa ameiazima ile kubwa, wazazi wa mchumba wake walipokuja kumwona. Mchumba wake anaitwa Wangeci, msichana wa Ngoingwa, mshonaji, mtulivu, na harusi ilikuwa Oktoba. Nilibisha nikijua mwenyewe yuko kazini, mlango nifunguliwe na jirani anayeachiwa ufunguo. Akafungua yeye. Jumanne, saa tano asubuhi, mkata mawe yuko nyumbani na blanketi mabegani.

"Haiya! Kwani ni nini?"

"Ni homa tu, sista. Na haya mambo ya harusi, yananikondesha."

Alikuwa amekonda mpaka masikio yamekuwa makubwa. Nilikuwa nimemwona wiki tano hivi nyuma, akiwa na jaketi, nikajiambia ni baridi ya Juni inafanya watu wakae wadogo. Nilipiga magoti kutoa sufuria chini ya kitanda. Ndani yake kulikuwa na gunia limekunjwa vizuri, na ndani ya gunia makopo matatu ya vidonge. La Novemba lilikuwa limefunguliwa, limepungua kidogo. La Februari na la Mei hayakuwa yameguswa, muhuri ulikuwa bado juu.

Niliyaweka kitandani, moja, mbili, tatu.

"Mutisya. Hii ni nini?"

Akavuta blanketi mpaka shingoni.

"Leo asubuhi ulinipigia flashi. Jana ulinipigia. Ulikuwa unaniambia nini?"

"Sikutaka uwe na wasiwasi."

Wuui! Miezi minane. Miezi minane mtu ananipigia flashi ya uongo saa mbili kamili, na mimi nasimama hapo na mwiko wangu namshukuru Mungu. Nilitaka kumpiga. Niliinua mkono kabisa. Lakini akaanza kukohoa, na kile kikohozi kilikuwa cha mtu mzee, nikashusha mkono.

"Nilipona, Wavinya," akasema alipopata pumzi. "Nilitaka nikuambie baada ya harusi."

Akanionyesha mtungi wa lita tano kando ya mlango, wa plastiki, una maji ya kahawia, harufu ya mizizi na kitu kingine kama pombe iliyolala. Kulikuwa na mtu Ruiru, Daktari Gachau. Anatibu virusi, anatibu sukari, presha, saratani, na wanawake wasiozaa. Mitungi sita na unamaliza. Huu ulikuwa wa saba, kwa sababu daktari alisema damu yake ilikuwa nzito kuliko ya wengine. Kila mtungi bei ya mbuzi. Pikipiki yake, ile aliyoniambia iko kwa fundi, ilishauzwa zamani.

"Na vidonge? Ni nani alikuambia uache vidonge?"

"Ni yeye. Alisema vya hospitali vinapigana na mizizi. Akasema nisiambie mtu, hasa mtu anayemeza, kwa sababu watu wakiona umepona wanaona wivu."

"Mimi nikuonee wivu? Mimi niliyekuosha matako?"

"Sista, ngoja kwanza. Mimi si mjinga. Niliomba ushahidi."

Akatoa simu akanionyesha picha aliyopiga ukutani kwa Gachau. Ilikuwa karatasi ya matokeo ya maabara, ile tunayopewa tukipimwa wingi wa virusi, na mahali pa jibu pameandikwa LDL. Jina lilikuwa limefunikwa na kalamu nyeusi. Mutisya alijua LDL ni nini, Jackie alitufundisha sote: virusi vimekuwa vichache mpaka mashine haivioni, vimelala, na ukiendelea kumeza vitaendelea kulala. Yeye mwenyewe alikuwa LDL miaka mitano. Hiyo peke yake haingemdanganya.

"Lakini huyu mama," Mutisya akasema, "ameacha vidonge miaka miwili. Alikunywa ya Gachau, akaacha, na bado ni LDL. Bila kidonge hata kimoja. Hiyo ni nini kama si kupona?"

Nilichukua simu nikaikuza ile picha. Kwenye pembe ya juu ya karatasi kulikuwa na doa la mafuta, la kidole gumba, na chini kulikuwa na ukingo wa sahani ya bluu yenye pengo. Sahani hiyo ninayo mpaka leo. Oktoba iliyopita nilipopata majibu yangu nilifurahi sana, nikapiga picha papo hapo kwa meza ya githeri, nikatuma kwa WhatsApp ya kikundi chetu: Mungu ni mwema, LDL tena. Mutisya hakuwa kwa hiyo WhatsApp, aliogopa namba yake ionekane. Mtu mmoja kati ya wale wengine aliichukua akaipeleka sokoni. Sijui ni nani. Kama ni wewe na unasoma hapa, jua siku yako inakuja na nitakuwa nimebeba mwiko.

"Huyu mama ni mimi," nikamwambia.

Akanitazama kama nimelewa. "Karatasi zote zinafanana, Wavinya."

"Ni doa langu. Ni sahani yangu!"

"Daktari alisema yuko Thika, ana duka la nguo."

Tulibishana mpaka jirani akaja kusikiliza mlangoni. Mtu mgonjwa, hata nguvu ya kusimama hana, lakini ya kumtetea Gachau anayo. Alitaka iwe kweli, nikaelewa hilo. Nikamuuliza, hivi unakimbilia nini? Ulikuwa mzima, unafanya kazi, unakula, msichana anakupenda. Ndipo akasema. Kanisa la kina Wangeci halifungishi harusi kabla ya mchumba na mchumba kupimwa na kuleta karatasi kwa mchungaji. Tarehe yao ya kupimwa ilikuwa Septemba. Wangeci hakujua kitu. Mutisya alitaka karatasi safi.

"Ningemwambia aje, Wavinya? Babake ni mzee wa kanisa. Angeaibika."

Nilikuwa na maneno mengi lakini nikayameza. Nilimwambia twende hospitali sasa hivi. Akakataa. Akasema daktari alimwonya kwamba kabla ya kupona mwili hutoa uchafu, na kukonda ndiko kutoa uchafu kwenyewe. Basi nikamwambia hivi: kesho tunaenda Ruiru pamoja, na karatasi yangu. Ikifanana na ile ya ukutani, unatoka pale na mimi mpaka kliniki. Isipofanana, nitakuachia mtungi wako na sitasema neno tena. Akakubali. Mimi kutosema neno tena, alijua hiyo ni bei kubwa.

Nilirudi nyumbani nikaitoa karatasi yangu ndani ya Biblia. Sikulala vizuri.

Chumba cha Gachau kilikuwa juu ya duka la matairi. Tulifika kabla ya saa mbili na tayari kulikuwa na watu kumi na mmoja kwenye viti vya plastiki. Mwanamume na mke wake wameshikana mikono. Msichana na sare ya mahali anafanya kazi, kofia mapajani. Mwanamke wa kitambaa cha njano kichwani, mtungi mtupu miguuni, amekuja kujaziwa. Hakuna aliyemwangalia mwenzake. Ukuta mzima ulikuwa na karatasi za matokeo zilizofunikwa na plastiki inayong'aa, zote LDL, zote majina yamefutwa. Cheti cha serikali sikuona hata kimoja, na niliangalia.

Gachau akatoka. Mwanamume safi, koti jeupe, kile kifaa cha kusikilizia moyo shingoni, viatu vimepakwa rangi. Nilikuwa nimemtarajia mchawi na huyu alikuwa kama mwalimu mkuu.

"Karibu mathe. Mutisya, kijana yangu, naona uchafu unatoka vizuri."

Uchafu! Ndugu yangu alikuwa ameegemea ukuta kwa sababu ngazi zilimshinda.

"Daktari," nikasema na sauti ya upole mpaka Mutisya akanigeukia, hakuwahi kuisikia. "Na mimi niko na hiyo shida. Naogopa kuacha vidonge. Ni nani mwingine ameacha?"

Akaenda moja kwa moja ukutani, akaweka kidole juu ya karatasi yangu. Ndiyo, yangu, doa na sahani. "Huyu mama wa Thika. Alikuja hapa amebebwa. Mitungi sita. Sasa ni miaka miwili hajagusa kidonge cha hospitali, na maabara yao wenyewe wamekubali. Hata wao hawaelewi."

"Na ukimwona huyo mama unaweza kumjua?"

"Ni kama dada yangu. Wiki iliyopita tulikunywa chai naye."

Nikafungua mkoba nikatoa karatasi yangu. Nikaiweka ukutani kando ya ile nyingine, nikashika doa la hapa na doa la pale, nambari za maabara za hapa na za pale. "Tarehe, soma. Nambari, soma. Hili doa ni kidole changu. Chai tulikunywa wapi, wewe? Ulinipa mandazi ama nilikula mkate?"

Watu wakainua macho. Gachau akafungua mdomo, na papo hapo kengele ya simu yangu ikalia. Saa mbili kamili. Sikuwa nimepanga hivyo, ni saa yangu tu. Nikatoa kopo, nikatoa kidonge, nikakiinua juu wote wakione, nikakimeza na maji ya chupa yangu.

"Huyo mama ndiye mimi! Naitwa Wavinya, nauza githeri Makongeni, nyuma ya kituo cha maji, mtu yeyote aje aniulize. Miaka kumi na minne nameza hiki. Jana nilimeza. Kesho nitameza. Hiyo LDL ni ya hivi vidonge, si ya maji yake ya mtaro! Na hao wengine mnaowaona ukutani, nao mahali wako wanameza, hawajui hata picha zao ziko hapa!"

Nilifikiri watasimama wote tumrushe huyo mtu dirishani. Nawaambia ukweli, hivyo ndivyo nilifikiri. Gachau akatabasamu tu, akawaambia watu wake, pole pole, kwamba kampuni za dawa huwalipa wanawake kama mimi kuja kumharibia jina, kwamba mwezi uliopita alikuja mwingine. Na yule mwanamke wa kitambaa cha njano akanigeukia mimi, si yeye. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Mama, nyamaza. Tafadhali. Kama wewe umezoea kuwa mgonjwa, sisi tunataka kupona. Usituharibie."

Hilo neno lilinichoma kuliko yote ya Gachau. Ningemjibu vibaya. Lakini Mutisya alikuwa anatazama kopo langu, halafu ukuta, halafu Gachau, na uso wake ukanywea. Akasema kwa sauti ndogo, "Daktari, uliniambia unamjua." Gachau alikuwa ameshageuka, anawaita wawili wa kwanza waingie. Mutisya akanishika bega tukashuka ngazi. Alipumzika mara mbili. Nyuma yetu ni yule msichana wa kofia peke yake aliyeshuka. Wengine walibaki.

Kliniki, Jackie alimtazama mara moja tu akaita kiti cha magurudumu. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Nilimwambia makopo yote, miezi yote, flashi zote, na yeye akaandika, kisha akasema, "Mama Muli, nilipaswa kumwita mwenyewe hapa. Mimi pia nilikuamini wewe." Mpaka leo sijui nifanye nini na hayo maneno.

Alilazwa siku hiyo hiyo. Ilikuwa kifua kikuu, na kilikuwa kimeshapanda kichwani. Nilileta lile kopo la Mei wodini, nikamwambia daktari, huyu hapa, aanze saa hii, amekubali mwenyewe. Daktari, kijana mpole mwenye macho yaliyochoka, akanielezea mara mbili kwa sababu mara ya kwanza nilikataa kusikia. Kifua kikuu kikiwa kichwani, vidonge vya virusi haviwezi kurudishwa haraka, mwili unaweza kushtuka ubongo ufure. Ni kutibu kichwa kwanza, wiki kadhaa, ndipo vidonge.

Basi mkae na hiyo. Miezi minane vidonge vilikuwa chini ya kitanda na hakutaka. Sasa alivitaka, na hawezi kupewa. Kila asubuhi saa mbili kengele yangu ikilia pale kando ya kitanda, alifungua macho akaniuliza, "Nimeze?" Nikamwambia, "Bado." Kesho yake, "Nimeze?" Bado. Nilienda mpaka choo cha wodi nikapiga ukuta ngumi.

Wangeci alikuja siku ya pili. Nilimtoa nje nimwambie mimi, kwa sababu Mutisya maneno yalikuwa yanampotea. Akanikatiza.

"Mama Muli, najua. Najua tangu mwaka jana. Niliona kopo kwa dirisha lake kabla hajaanza kulificha."

"Ulijua?"

"Nilienda nikauliza. Nikaambiwa mtu akimeza vizuri na virusi vimelala, hawezi kuniambukiza, na tunaweza hata kupata watoto. Nikaenda kwa mchungaji, sikutaja jina. Akaniambia ile karatasi si ya kuzuia harusi, ni ya kila mtu kuingia akijua. Nikarudi nikangoja aniambie mwenyewe. Sikutaka kumwaibisha." Alikuwa anapindapinda kamba ya mkoba wake. "Nilipoona kopo halipo tena, nilifikiri ameliweka mahali salama."

Tulikuwa watu wawili tunampenda, na kila mmoja alikuwa amenyamaza kwa heshima. Nilimkumbatia huyo msichana na nilikuwa na hasira hadi meno yananiuma. Alipoingia ndani akamwambia, Mutisya aligeukia ukuta akalia. Baadaye akasema jambo moja lililosikika vizuri, "Kumbe ningekuwa nimeoa tayari."

Alikufa siku ya kumi na tisa, asubuhi, kabla ya saa mbili. Hakumeza.

Tulimzika Ngoliba, kando ya mama. Kamati ilikuwa imechapisha kile kijitabu cha mazishi chenye picha yake amevaa suti, na ndani kimeandikwa kama vinavyoandikwa vyote: aliugua kwa muda mfupi. Nikaambiwa nisome mimi kama dada mkubwa. Nikasoma alikozaliwa, nikasoma shule, nikasoma kazi, na nilipofika hapo nikafunga kijitabu.

"Hakuugua kwa muda mfupi," nikasema. "Aliishi na virusi miaka sita na alikuwa na nguvu kuliko nyinyi wote. Aliuawa na mtu wa Ruiru aliyemwambia aache vidonge, asiambie mtu, na dawa yake inatibu kila kitu. Ukiambiwa hayo matatu, inuka uondoke. Kama uko hapa na unakunywa huo uchafu, mtungi umwage leo, na kesho urudi kliniki." Mjomba alinivuta nguo niketi. Sikuketi. Babake Wangeci, mzee wa kanisa mwenyewe, akasema amina, na hakuna mwingine aliyethubutu kunivuta.

Gachau nilimwandikishia ripoti polisi. Nilienda na karatasi, na mtungi, na yule msichana wa kofia, anaitwa Mitchell, alinitafuta mwenyewe akakubali kuwa shahidi. Walipofika pale juu ya duka la matairi walikuta chumba kimefagiliwa, ukuta umebaki alama za gundi. Wanamtafuta. Na mimi pia namtafuta.

Wiki tatu baada ya mazishi simu yangu ilikuwa bado inanitesa. Kengele inalia saa mbili, nameza, halafu naisimamia simu kama mtu asiye na akili. Inakaa kimya. Kila siku najua itakaa kimya na kila siku naisimamia.

Juzi mwanamke alisimama mbele ya jiko langu, akangoja wateja waishe. Kitambaa cha njano. Alikuwa amekonda.

"Ni wewe yule mama wa Ruiru," akasema. "Naitwa Dianah. Yule kijana uliyekuja naye anaendelea aje?"

"Tumemzika."

Aliketi juu ya gunia langu la maharagwe bila kukaribishwa. Maneno ya huyo mwanamke nilikuwa nimeyatunza tangu Julai, na nikayatoa. Nilimwambia, uliniambia ninyamaze. Nilimwambia, mlikuwa kumi na mmoja na mngemkalia huyo mtu chini mara moja. Nilimwambia mengine ambayo sitaandika. Hakujitetea. Alingoja mpaka nikachoka.

"Nina miezi minne sijameza," akasema. "Makopo ninayo nyumbani. Naogopa kurudi kliniki, watanigombeza."

"Watakugombeza, ndiyo. Jackie ana mdomo karibu kama wangu. Halafu atakupima damu na kifua, na atakuanzisha, kwa sababu wewe bado unatembea."

Nilimwachia jirani githeri ichemke. Tukaenda. Niliketi naye kwenye lile benchi mpaka akaitwa jina lake, na alipotoka alikuwa amelia lakini ana kopo mkononi. Jackie alimwambia aanze kesho yake asubuhi. Dianah akaniuliza mimi humeza saa ngapi. Nikamwambia, nikampa namba yangu, na nikamwelezea mambo ya flashi.

Jana kengele ililia. Nikameza, nikafunika kopo, nikaigeuza githeri isiungue. Simu ikalia mara moja, ikakata. Nilisimama hapo na mwiko mkononi nikalia kwa sauti mbele ya wateja, mmoja akaniuliza kama ni habari mbaya. Nikamwambia angoje kwanza. Nikampigia Dianah flashi yake.

Na Jumamosi naenda kwake Ruiru kuhesabu vile vidonge, kimoja kimoja, akikasirika akasirike.